Msasi Aliyejibu Alichoulizwa

Jirani yetu tuliyemwita Msasi alitembea na gobori lake begani kama wengine wanavyotembea na jembe. Hakulizungushia mkeka, hakulifunika kwa shuka, wala hakupita njia za nyuma. Alipita katikati ya barabara ya Kisarawe mchana kweupe, mbele ya maduka, mbele ya msikiti, mbele ya Boma lenyewe, mtutu ukitazama juu na kitambaa chekundu kimeziba mdomo wake. Mimi nilikua nikimwona hivyo. Kwa miaka mingi nilidhani kila mahali pana mtu wa namna yake, mpaka nilipoolewa nikatoka, nikajua kwamba enzi zile za Mwingereza watu weusi wenye bunduki za halali walikuwa wa kuhesabika, na hao wachache wengi wao walizificha.

Kuficha alikuchukia. Baba yangu aliwahi kumwambia alifunge gobori kwenye gunia siku aliyokuwa anashuka Pugu, kwa kuwa huko askari walikuwa wengi. Msasi akakataa.

"Nikilifunga," alisema, "askari akilikuta ataniuliza kwa nini nimelificha. Hilo sina jibu lake. Nikilibeba wazi, ataniuliza leseni, na leseni ninayo."

Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye mabega yaliyoinuka kidogo upande wa bunduki, hata siku ambazo hakuibeba. Ndevu zake alizinyoa zote isipokuwa chache kidevuni. Aliongea polepole, na akishamaliza alifunga mdomo kabisa, hakuacha neno likining'inia ili wewe umalizie.

Jioni alikuja kukaa barazani kwetu na wanaume wengine. Mazungumzo yalianza na mvua na mihogo, lakini yakikaa kidogo yalifika kwa askari, na hapo Msasi alikuwa mwalimu. Alipata kufanya kazi kwa mzungu mmoja mpima ardhi, akambebea vyombo miaka mingi, na huko, alisema, alijifunza namna wenye sheria wanavyoisema sheria. Maneno yake niliyasikia mara nyingi mpaka nikayajua kama ninavyojua sura fupi za kusali.

"Ukisimamishwa, simama," aliwaambia. "Usisogee mbele, usirudi nyuma. Bunduki iweke chini, mtutu uelekee porini, nawe ukae mbali nayo. Mikono yako ionekane. Akitaka leseni, mpe. Akikuuliza unakwenda wapi, mwambie. Akitaka kuichukua bunduki, muulize ni kwa kosa gani, na mwombe akuandikie kwamba ameichukua. Hawezi kuichukua hivi hivi tu. Na kubwa kuliko yote, jibu ulichoulizwa. Usiongeze. Watu wengi wamefungwa kwa maneno waliyoyaongeza wenyewe."

Baba alicheka. "Sisi hatuna bunduki, Msasi. Haki hizo zitatusaidia nini?"

"Mna nyumba," Msasi alijibu. "Na mna miguu ya kutembea njiani. Askari atakuja kwako siku moja, na wewe hujui hata la kumuuliza."

Yalikuja kuwa kweli, na ndiyo maana sikuwahi kumdharau kwa mafundisho yale, hata baadaye. Wakati huo mimi nilikuwa mwali, nimewekwa ndani, sionekani na mtu. Asubuhi moja nikasikia viatu uani, kisha sauti za watu nisiowajua. Walikuwa tarishi wawili waliotumwa na jumbe kupekua nyumba ya baba mdogo, ambayo tulikuwa tunashirikiana nayo ukuta. Walidai kwamba amepokea bati za wizi. Baba mdogo alikuwa mtu wa wasiwasi, nikamsikia anaanza kueleza habari za bati, na za ndugu yake, na za safari ya mwaka juzi. Halafu nikasikia sauti ya Msasi ikitokea njiani, taratibu, bila kupanda.

"Simama mlangoni mwako," alimwambia baba mdogo. "Nyamaza kwanza. Waulize wametumwa na karatasi gani."

Tarishi mmoja akauliza yeye ni nani.

"Mpita njia," Msasi akasema. "Nyumba si yangu. Namwambia tu mwenye nyumba asimame mlangoni mwake."

Karatasi hawakuwa nayo. Walisema wataifuata, wakaondoka, na hawakurudi. Bati zilionekana siku chache baadaye kwa mtu mwingine kabisa. Baba mdogo alitaka kumchinjia mbuzi, Msasi akakataa, akasema mbuzi ni kwa ajili ya mtu aliyefanya jambo, na yeye alikuwa anapita tu.

Nilikaa gizani nyuma ya ukuta nikifikiri kwamba nikipata mume, nataka awe na sauti kama ile.

Nguruwe ndio walikuwa kazi yake. Mashamba yetu ya mihogo na mahindi yalipakana na msitu, na kundi moja likiingia shambani lilimaliza jasho la mwaka mzima. Watu walikesha wakipiga madebe, lakini nguruwe waliyazoea. Msasi ndiye waliyemwogopa. Alikuja na gobori lake, akajaza baruti kwa kipimo, akashindilia kwa uti wake mrefu wa chuma, akakaa upande usiopeleka harufu yake kwao, na hakupiga mara mbili. Mzoga aliuacha hapo hapo, hakuugusa, na sisi hatukuugusa. Nyani aliwatishia tu. Alisema nyani akifa anakutazama usoni, na yeye hakupenda kutazamwa.

Hakudai malipo. Mtu alimpa alichojaliwa, gunia la mihogo au kuku, akashukuru sawasawa kwa kikubwa na kidogo. Chui aliyekuwa akichukua mbuzi wa mjane mmoja alimfuata siku nyingi mpaka akampata, na yule mjane hakumpa kitu chochote, na Msasi aliendelea kumsaidia kama kawaida.

Hivyo ndivyo tulivyomjua nje. Nyumbani kwake alikuwa mtu mwingine kidogo. Mkewe, mwanamke mcheshi aliyependa kutuchekesha kisimani, alisema: "Huyo anawafundisha waume zenu kuwauliza askari maswali. Mimi nikimuuliza anakwenda wapi, naambiwa nipike." Tulicheka. Lakini alioa mke wa pili kule Maneromango, na mkewe huyu wa kwanza alipata habari kisimani hapo hapo, mbele yetu, kutoka kwa mwanamke aliyedhani anajua tayari. Aliinua ndoo yake akaenda. Sikumsikia tena akitania habari za mumewe.

Na alikuwa na hofu, ingawa wengi hawakuijua. Leseni yake ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja. Ukikaribia wakati wa kwenda Boma kuombea mwaka mwingine, Msasi alibadilika. Alikosa hamu ya chakula. Alivaa kanzu yake safi tangu alfajiri, akaja kwa baba kuuliza kama imekaa vizuri, akarudi tena kuuliza lile lile. Mtu aliyetuambia kwamba leseni ni haki ya mtu mwenye mwenendo mwema alikuwa akimwinamia karani mpaka karani mwenyewe akaona haya. Nilimwona siku moja akitoka Boma na karatasi mpya mkononi. Alikaa chini, pale pale kwenye majani ya kando ya barabara na kanzu yake nyeupe, akaitazama kama mtu aliyerudishiwa mtoto.

Nilipoolewa, nilimpata mwanaume wa upande wa Mlandizi, mkulima wa mpunga, mtulivu, ambaye alipenda kusikiliza watu wazima. Alipokuja kwetu alikaa na Msasi muda mrefu kuliko na baba. Alimwita baba, naye Msasi alimwita mwanangu, na nadhani alimpenda kweli. Sisemi hivyo kwa kumtetea. Nasema kwa kuwa bila hilo, yaliyotokea yangekuwa mambo madogo tu.

Mwaka uliofuata arusi yetu, nguruwe waliharibu mpunga huko kwa wakwe zangu, na mume wangu akaja Kisarawe kumwomba Msasi aende. Mimi nilikuwa nimekuja kumtazama mama, kwa hiyo tulirudi watatu pamoja, kwa miguu, kupitia Kibaha. Siku zile maofisa walikuwa na wasiwasi juu ya silaha, kwa sababu ya habari zilizokuwa zikisikika kutoka Kenya, na watu wenye magobori walikuwa wakisimamishwa mara kwa mara. Msasi alijua. Hakubadilisha chochote. Alilibeba begani kama siku zote, halina risasi wala baruti ndani, kitambaa chekundu mdomoni.

Baruti ilikuwa kwenye mkoba wa ngozi. Siku ya pili ya safari goti lake likaanza kumuuma, akawa anachechemea. Mume wangu akamwambia, "Nipe mkoba huo, baba, nikusaidie."

Msasi akatikisa kichwa. "Mkoba huu ni wangu kuubeba. Leseni ina jina langu."

Tukaenda. Baada ya kupanda kilima kimoja akasimama kupumua, na mume wangu akanyoosha tena mkono bila kusema kitu, na safari hii Msasi akamvalisha mkoba begani. Alisema, "Tukiona barabara kubwa utanirudishia." Nilimsikia mwenyewe. Nilikuwa nyuma yao na kikapu kichwani.

Lakini barabara kubwa ya Morogoro tuliifikia ghafla, mahali njia inapotokea kwenye vichaka, na gari la polisi lilikuwa limesimama papo hapo. Palikuwa na ofisa mzungu aliyekaa ndani akisoma, na askari wawili nje. Mmoja wao, kijana mwenye kaptula iliyopigwa pasi, akatuita.

Msasi alifanya yote aliyokuwa akiyafundisha. Alisimama. Aliliweka gobori chini, mtutu ukielekea porini, akajitenga nalo, mikono ikaonekana. Askari akaomba leseni, akapewa. Akaisoma pande zote mbili. Akasema leseni ni ya Kisarawe na hapa si Kisarawe.

"Leseni imeandikwa wilaya, bwana," Msasi akasema. "Hapa ni wilaya ile ile."

Askari hakupenda. Akasema bunduki inaweza kuwa na risasi. Msasi akaomba ruhusa, akaingiza ule uti mrefu ndani ya mtutu, ukalia chini kabisa, chuma kwa chuma. Mtutu ulikuwa mtupu. Askari akasema ataichukua hata hivyo. Msasi akamuuliza ni kwa kosa gani, na kama ataandika kwamba ameichukua. Sauti yake haikupanda. Yule mzungu aliinua macho kwenye karatasi zake akawatazama, kisha akamwambia askari neno kwa Kiingereza, na askari akairudisha leseni kwa mkono mmoja, bila kumtazama.

Niliona fahari, nakiri hivyo. Mume wangu naye alitabasamu, na nadhani lile tabasamu ndilo lililomfanya askari amgeukie.

"Na wewe. Una nini humo?"

Mume wangu akafungua mkoba. Askari akaingiza vidole, akavitoa vyeusi.

"Leseni yako iko wapi?"

Mume wangu aligeuka. Alimtazama Msasi. Alikuwa amelelewa kwamba mtu mzima akiwepo, kijana hamsemei wala hamwonyeshi kidole, na jambo lile lilikuwa la mtu mzima kulisema. Alimsubiri aliseme.

Askari akamwuliza Msasi, "Huyu ana leseni ya baruti?"

"Hana," Msasi akasema.

"Mkoba huu umebebwa na nani?"

"Na yeye."

Halafu akafunga mdomo.

Nilisubiri. Upepo ulikuwa unapeperusha karatasi za yule mzungu, akaziwekea mkono. Nikamwita, "Baba." Akanigeukia. Nikamwambia, "Mwambie." Alinitazama kama mtu anayetazama kitu kilicho mbali sana, kisha akaitazama leseni mkononi mwake, akaikunja katika mikunjo yake ile ile ya zamani, akaitia kifuani.

Mume wangu alipoulizwa akasema, "Niliubeba mimi." Hakusema zaidi. Walimfunga pingu, wakampandisha garini pamoja na mkoba. Gari lilipoondoka nilikuwa nimesimama na kikapu bado kichwani. Msasi akainama, akaliokota gobori lake.

Tulirudi Kisarawe. Alitangulia mbele, mimi nyuma, na bunduki ilikuwa begani mwake.

Kesi ilisikilizwa mbele ya hakimu mzungu na mkalimani. Msasi aliitwa awe shahidi. Mimi na baba tulikaa nyuma, na moyoni nilijipa matumaini kwamba njiani alishtuka tu, na kwamba sasa amepata muda wa kuupata ulimi wake. Alikuwa amevaa ile kanzu ya kuombea leseni.

Aliulizwa kama bunduki ni yake, akasema ndiyo. Kama ana leseni, akasema anayo. Kama mshtakiwa ana leseni yoyote, akasema hana. Kama alimwona na mkoba ule begani, akasema alimwona. Hakimu akaandika. Kisha akasema shahidi anaweza kukaa.

Msasi hakukaa mara moja. Alisimama pale kitambo, na mkalimani akamtazama, na nadhani kama hakimu angemuuliza swali moja tu, baruti hii ni ya nani, angejibu. Naamini angejibu kweli. Lakini hakuulizwa, akakaa.

Mume wangu alipewa nafasi ya kusema. Akarudia maneno yake yale yale, kwamba aliubeba yeye. Akafungwa.

Nje ya korti baba alimfuata Msasi. Nilikuwa karibu, nilisikia.

"Kwa nini hukusema?"

"Hakuniuliza," Msasi akajibu.

Baba akampisha mtu aliyekuwa rafiki yake tangu ujana. Msasi akaondoka.

Ningependa kusema kwamba watu wa Kisarawe walimtenga. Nyumbani kwetu walisema maneno makali siku chache, wanawake kisimani wakanipokonya ndoo wakanichotea, kwa huruma. Halafu nguruwe wakaingia kwenye mihogo. Baba alivumilia usiku mmoja, akapiga debe mpaka mikono ikavimba. Asubuhi akatuma mtu kwa Msasi.

Alikuja. Akakaa upande wake wa siku zote barazani, mama akatia chai, na mimi nikaambiwa nimpelekee. Nilimwekea kikombe mbele yake. Hakuinua uso. Baba naye alikuwa akitazama pembeni, kwenye mabanda, kama vile kulikuwa na kitu huko. Hakuna aliyetaja jina la mume wangu, na mihogo ile ndiyo tuliyokula mwaka huo. Nimewahi kuona watu wakipigwa, na kuona watu wakilia mbele za watu, lakini baraza lile, na sisi wote tukinywa chai, ndilo ninalolionea haya zaidi.

Wafungwa walikuwa wakikata nyasi kandokando ya barabara. Siku moja nilimwona mume wangu kati yao, amevaa nguo za kifungo, amenyolewa. Aliponiona akageuka akanipa mgongo. Nilipita. Niliona aibu kwa ajili yake, kisha nikaona aibu kwa sababu ya kuona aibu. Tangu wakati huo nilisikia kwamba Msasi ameacha kupita barabara kubwa. Alikuwa anazunguka kwa nyuma, kwenye mikorosho, na gobori amelifunga kwenye gunia. Watu walimcheka kidogo. Askari mmoja wa Boma aliwahi kumkuta hivyo akamuuliza kwa nini ameficha silaha, na wanasema Msasi alikaa kimya muda mrefu, mpaka askari, aliyemfahamu, akamwonea huruma akamwacha aende.

Mume wangu alipotoka hakutaka kukaa Kisarawe wala kurudi Mlandizi kwa watu wake, ambako kila mtu alijua ametoka wapi. Tulipata kipande cha ardhi Kibaha, upande wa Tangini, kulikuwa bado na pori wakati ule, tukalima mihogo na mbaazi. Alikuwa vile vile, mtulivu, mwenye kusikiliza watu. Ila alisikiliza kwa sikio moja. La kushoto lilikufa gerezani, alipigwa kofi siku za mwanzo na usaha ukatoka mpaka likanyamaza, na la kulia nalo lilikuwa na uzito. Hakumwambia mtu. Alijifunza kukaa mahali ambapo watu watakuwa kuliani kwake, na majirani walidhani tu kwamba anapenda upande ule wa mkeka. Habari za Msasi tulizipata kwa wapita njia, kwamba mkewe wa kwanza amefariki, kwamba siku hizi haonekani na bunduki. Hatukuzijadili.

Alikuja mchana mmoja wa kiangazi, miaka mingi baadaye, karibu na mwisho wa utawala ule wa Mwingereza. Nilikuwa mlangoni nikichambua mchele. Nilimwona akitokea njiani na fimbo, amekuwa mfupi, nikajua ni yeye kwa bega lake lililoinuka. Mume wangu alikuwa kwenye mkeka mbele ya nyumba akinoa mapanga kwa tupa, ameinamia kazi yake. Msasi alifika, akatoa salamu ambayo mume wangu hakuisikia, akaketi. Aliketi kushoto.

Labda ningemwita pale pale. Lakini alianza kusema mara moja, kwa sauti ya chini, akitazama mbele, kama mtu aliyekuwa ameyapanga maneno njia nzima na anaogopa yasimtoroke.

"Baruti ilikuwa yangu," alisema. "Nilijua njiani, na kortini nilijua. Niliogopa wataninyang'anya leseni. Nilijiambia sitasema uongo, nami sikusema uongo hata mmoja. Ulipotoka nilikwenda Boma nikamwambia karani kwamba kosa lilikuwa langu. Akaniambia shauri hilo limekwisha, mzee, nenda nyumbani. Gobori nikaliacha kwake, nikasema silitaki. Lakini kwako sikuja. Ndilo jambo lililonishinda. Nimekuja sasa."

Tupa iliendelea kulia kwenye panga, ikienda na kurudi. Msasi alisubiri. Nilimwona anavyosubiri, mikono juu ya fimbo, na nikaona anavyoupokea ule ukimya, akauona ni jibu, na akaona ni haki yake. Akaanza kujiinua.

"Baba," nikasema kutoka mlangoni. "Sikio hilo halisikii."

Akanigeukia. "Halisikii?"

"Hajasikia ulichosema."

"Tangu lini?"

"Tangu kule."

Alisimama pale akishikilia fimbo. Nilidhani ataondoka. Wanawake wawili walikuwa wanakuja njiani na maji, na jirani yetu alikuwa kwenye mbaazi zake, si mbali.

"Zunguka upande wa pili," nikamwambia. "Na useme kwa nguvu. Hata hilo si zima."

Akazunguka. Mume wangu sasa alimwona, akaweka tupa chini haraka, akataka kusimama kumsalimu, lakini Msasi akamzuia kwa mkono, akaketi kuliani kwake. Akasema, "Baruti ilikuwa yangu."

"Unasemaje, baba?"

Msasi akapandisha sauti. Sikuwahi kumsikia akipandisha sauti maishani. Alisema tena kwamba baruti ilikuwa yake, na kwamba alijua njiani na alijua kortini, na ilimbidi aseme kila neno kwa nguvu, mpaka wanawake wakasimama na ndoo zao vichwani na jirani akanyoosha mgongo kati ya mbaazi kusikiliza. Akafika kwenye leseni, sauti ikakatika, mume wangu akainamisha sikio karibu zaidi, naye Msasi akalirudia neno. Akasema habari za karani. Akasema kwamba ilimshinda kuja.

Mume wangu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akalipangusa lile panga kwa kitambaa, akaliweka kando.

"Najua, baba," alisema. "Nilikuwepo."

Hakusema kwa ukali, na hakusema kwa kumfariji. Wale wanawake wakaanza kutembea tena. Msasi alikuwa ameinamisha kichwa.

Mume wangu akaniambia nilete maji ya kunawa, mzee ametoka mbali na chakula kiko tayari. Nikaleta birika na beseni. Nikapiga magoti mbele ya Msasi, akanyoosha mikono yake nimmiminie.